Uji wa Mama Lionel

Ukitaka kuficha kitu katika nyumba ya Mama Mahamudi, kifiche mwilini mwako, maana pengine popote hapafichiki. Vyumba vimetengwa kwa mbao nyembamba, na mwenyewe ana macho yanayohesabu hata chumvi. Sumaya, mke wa mwanawe, alilijua hilo tangu siku ziwa lilipoingia ndani ya nyumba yao kule Kalundu, wakabeba godoro na masufuria wakapanda kuja kujibanza kwa mama mkwe. Kwa hiyo vidonge vyake alivifunga fundo katika pindo la kitenge, kiunoni, na alilala navyo.

Vilikuwa vidonge vya huzuni. Hakuna aliyeviita hivyo mtaani. Mtaani viliitwa dawa za kichwa, na aliyevimeza aliitwa mgonjwa wa kichwa, na mgonjwa wa kichwa hakai na mume. Binamu wa kike wa mumewe, Mahamudi, alirudishwa kwao na masanduku yake mawili kwa sababu hiyo hiyo. Sumaya alikuwepo siku hiyo, tena alisaidia kufunga masanduku.

Mtu mmoja tu alijua: Anne, jirani wa ukuta kwa ukuta, ambaye watu wote walimwita Mama Lionel kwa jina la mwanawe aliyekwenda kusoma Bukavu. Ndiye aliyemwona Sumaya ameacha kusema, kisha ameacha kulala, kisha amekaa kwenye ngazi kutwa nzima akitazama maji. Akamshika mkono akampeleka kituo cha afya, mpaka kwenye benchi lile la mwisho wa korido ambalo kila mtu anajua ni la nani. Sumaya alikaa pale mara moja tu. Akasema hata akifa harudi. Tangu hapo Anne alikwenda kumchukulia, akimwambia muuguzi kwamba mgonjwa ni dada yake, naye aliapa kwa jina la Lionel kwamba siri hiyo haitatoka kinywani mwake.

Ramadhani iliwapa njia nzuri. Anne ni wa kanisa, lakini kila Ramadhani alikuwa na desturi ya kuwapikia majirani zake Waislamu uji wa kufuturia, uji wa mchele wa kwao Bwegera, wenye karanga na tangawizi. Mama Mahamudi alijisifia uji huo mpaka msikitini. "Miye hata bakristo banani­futurisha," alikuwa akisema. Sufuria ya uji ikaja kila jioni, na siku nyingine chini ya kitambaa cha sufuria paketi ya vidonge ikaja pia.

Mwezi huo maji yalikuwa bado yanapanda. Wanawake wa mtaa walijaza mchanga katika mifuko na kuipanga upande wa chini ili ziwa lisiwafikie, na Sumaya alibeba mifuko hiyo hali amefunga. Mgongo ukamkataa. Usiku alikuwa hageuki bila kuuma meno. Basi Mama Mahamudi, ambaye kwa miaka yote hakuwahi kumpa mkwe wake kitu ambacho hakikuombwa, akafungua mkebe wake wa dawa za magoti.

"Kunywa hii, binti yangu. Diklo. Hii imetoka Bujumbura, haiko ya hapa."

"Ni yako, Mama."

"Na weye uko wa nani? Kunywa."

Sumaya alilia kidogo, kwa furaha. Kuanzia siku hiyo ikawa hivi kila magharibi: adhana, funda la maji, kidonge cha mgongo kutoka mkononi mwa mama mkwe, kidonge cha huzuni kutoka kiunoni kwa kificho, vyote vikishuka katika tumbo lililokuwa tupu tangu alfajiri. Ndipo uji ukafuata. Muuguzi alikuwa ameuliza, siku ile ya benchi, kama mgonjwa ana dawa nyingine anayokunywa. Siku ile haikuwepo.

Choo kikawa cheusi kama lami. Sumaya akadhani ni mboga ya lengalenga. Kichwa kikawa chepesi, miguu ikawa si yake, akadhani ni funga. Kuna watu wanaojua kulalamika na kuna wasiojua, na wasiojua ndio huzikwa na siri zao.

*

Ilikuwa alasiri, amechuchumaa uani anachambua ndagala, wale samaki wadogo wa ziwani. Aliinama kuchukua kikapu akatapika. Kwanza kilitoka kitu cheusi kilichokatikakatika kama machicha ya kahawa. Halafu damu, nyekundu, juu ya ndagala wote.

"Mahamudi! Mahamudi wee! Kuya, bamemuua!" Mama Mahamudi alipiga yowe.

Mahamudi, ambaye duka lake la vitambaa sokoni lilikuwa limefungwa kwa siku hiyo kwa kukosa wateja, alitoka na kanzu mkononi.

"Nani amemuua?"

"Unaniuliza miye? Angalia damu. Hii ni karuho. Baba yako mudogo alitapika hivi hivi, ukasahau?"

Neno likishatamkwa limetamkwa. Karuho ni ile sumu ya polepole ambayo, watu husema, mtu mwenye roho mbaya huiweka kwenye chakula chako au kinywaji chako, nawe unakwisha kidogo kidogo huku unamsalimia. Majirani walikuwa wamekwisha kujaa langoni. Mwanamke mmoja akauliza lile swali ambalo Uvira limehamisha watu wengi kuliko ziwa.

"Anakulaka kwa nani?"

Na wakati huo huo, kama kwa ubaya wa bahati, Anne akaingia na sufuria ya uji.

Walimtazama yeye, wakaitazama sufuria, wakamtazama Sumaya aliyelala upande kwenye mkeka na damu kidevuni. Anne akaweka sufuria chini akamkimbilia Sumaya.

"Usimuguse!" Mama Mahamudi alisimama kati yao. "Kwanza onja."

"Nionje nini, Mama?"

"Uji wako. Onja, bantu baone."

Anne aliwatazama watu aliowazalisha, aliowalilia misiba, aliowafuturisha. Akapiga magoti, akainua sufuria nzima kinywani, akanywa. Uji ulikuwa wa moto, ukamwagika shingoni na kwenye blauzi. Alikunywa mpaka akasikia karanga za chini kwenye meno, akaweka sufuria chini, akajifuta kwa mkono. Machozi yalikuwa yanamtoka kwa kuungua, labda na kwa mengine.

"Haya," alisema. "Sasa tumupeleke lopitali."

"Amekunywa dawa ya kuzuia kwanza," ilisema sauti langoni. "Barozi banafanyaka vile."

Watu wakaafiki. Asingekunywa angekuwa mchawi, amekunywa naye ni mchawi aliyejiandaa. Hukumu ya namna hiyo haina mlango wa kutokea.

"Mahamudi, ndugu yangu," Anne alisema, "muke wako anatoka damu. Lopitali iko karibu."

"Lopitali haitibuke karuho!" Mama Mahamudi alifoka. "Muntu wa karuho ukimuchoma sindano anakufa pale pale. Tutamupeleka kwa Baba Délice."

Anne aliinama ili macho yake yakutane na ya Sumaya. Alitaka kuuliza: umemeza nini kingine? Sumaya alikuwa hana nguvu ya kusema, lakini mkono wake ulikuwa kiunoni, umelifunika lile fundo, na macho yake yalikuwa yanamwomba Anne kitu kimoja tu. Anne alikielewa. Akanyamaza, na kunyamaza kule kulimuuma kuliko uji.

*

Baba Délice, mganga wa mizizi, alikaa upande wa Kavimvira, katika nyumba yenye bati jipya. Alikuwa mtu mpole mwenye mikono safi. Alitaka malipo kabla ya kumgusa mgonjwa. Mahamudi akaacha simu yake mezani. Kisha Baba Délice akamnywesha Sumaya kikombe cha maji ya kijani ya mizizi, ili karuho itoke.

Ikatoka. Sumaya alitapika mpaka mwili wote ukajikunja. Beseni likajaa damu, na Baba Délice akachovya kijiti ndani yake akainua bonge.

"Munaona? Hii hapa. Inatoka."

"Alhamdulillahi," alisema Mama Mahamudi.

Lakini Sumaya hakusikia. Midomo yake ilikuwa imekuwa rangi ya majivu, na Mahamudi alipomwita jina mara ya tatu bila jibu, Baba Délice aliweka kijiti chini, akanawa mikono, akasema kwamba wamechelewa kumleta na kwamba asingependa mtu afie pale.

Anne alikuwa amewafuata kwa miguu, njia nzima, watu wakimtemea mate. Alikuwa barabarani walipotoka. Mahamudi alipanda pikipiki na mke wake kifuani kama mtoto, hajui aelekee wapi. Anne ndiye aliyemwambia dereva.

"Lopitali. Enda!"

Mahamudi hakusema ndiyo. Hakusema pia hapana.

Hospitalini daktari mmoja kijana, Étienne, alimtundikia maji ya mshipani, akatuma watu watafute damu ya kumwongezea, halafu akageukia familia palepale katika wodi, kati ya vitanda, wagonjwa wengine wakisikiliza.

"Alikuwa anakunywa dawa gani?"

"Hakuna," alisema Mahamudi.

"Hakuna kabisa," alisema mama yake. "Karuho tu. Miye nilimupa tu ile ya mugongo."

"Ya mgongo gani?"

Mama Mahamudi akatoa paketi kwenye mkoba. Daktari akaitazama, akaitikia kwa kichwa polepole kama mtu ambaye amepata nusu ya jibu.

"Alimeza nyingi?"

"Hapana. Kimoja kila magharibi, tangu siku mugongo ulimukataa."

"Na nyingine? Mama, diklo inaweza kutoboa tumbo, lakini damu hii inakataa kusimama. Iko dawa ingine. Fikirini."

Anne alikuwa amezuiwa mlangoni. Aliona midomo ya Sumaya. Alifikiri juu ya Lionel, ambaye jina lake aliapia. Kisha akampita mlinzi, akafika kitandani, akafungua lile fundo la kitenge mbele ya mume na mama mkwe, na vidonge vya rangi mbili vikaanguka juu ya shuka.

"Nilimuapia," alisema. "Mungu anisamehe. Ni dawa ya huzuni, banamupatiaka ku kituo."

Wodi nzima ilisikia. Mgonjwa wa kitanda cha jirani aliinua kichwa kabisa.

Daktari aliweka dawa hizo mbili katika kiganja kimoja. Alieleza bila haraka, na tumshukuru kwa hilo, maana wengine hupiga kelele. Alisema hii ya huzuni peke yake ni dawa njema. Hii ya mgongo nayo watu wengi wanaivumilia, kama wameshiba. Lakini moja inachubua tumbo, na nyingine inafanya damu ichelewe kuganda. Ukiziweka pamoja katika tumbo tupu, kila siku, kidonda kinafunguka na hakijifungi. Na yale maji ya mizizi yamekirarua zaidi.

"Haiko karuho?" aliuliza Mama Mahamudi.

"Haiko karuho, Mama. Hakuna muntu alimupa sumu."

Mama Mahamudi alikaa kwenye ukingo wa kitanda.

"Ni miye? Miye nilimupa kwa mukono wangu?"

"Haukujua. Na huyu dada hakujua yako. Na mugonjwa hakusema. Basi."

Mama Mahamudi alimpenda Sumaya. Hilo lisemwe wazi, kwa sababu yatakayofuata yanaweza kumfanya mtu afikiri vingine. Alikaa kando ya kitanda mpaka damu ilipopatikana, alimpangusa, alimsomea dua. Lakini damu iliposimama na ikajulikana kwamba Sumaya ataishi, alimvuta mwanawe koridoni.

"Mahamudi. Haya maneno yabakie humu."

"Mama, mutaani banasema Mama Lionel ni murozi. Bamemutupia mawe ku nyumba."

"Na weye unataka baseme nini? Kwamba muke wa Mahamudi ni kichaa? Kwamba mama yake alimuua muke wake na diklo? Nani atanunua kitambaa kwako? Dada zako bataolewa na nani?"

Mahamudi hakujibu. Alikuwa na kipaji hicho cha kutojibu tangu utotoni.

*

Chifu wa mtaa, Donatien, hakuwa mtu mbaya. Alikuwa mtu aliyetaka kulala usiku. Sumaya aliporudi kutoka hospitalini, mwembamba, akitembea kwa kushika ukuta, Donatien aliita kikao mbele ya nyumba yake, akampa Sumaya kiti cha plastiki chenye mikono ili asianguke. Anne alisimama. Hakuna aliyempa kiti. Bati la nyumba yake lilikuwa limetobolewa, na kisimani wanawake walimwaga maji wakianza upya kila alipochota kabla yao.

Nyumbani Sumaya alikuwa ameandaliwa. "Utasema haukumbuke," mama mkwe alimwambia huku akimchana nywele. "Ni neno moja tu. Ukisema ile ingine, miye sitakufukuza, lakini dunia itakufukuza."

"Mama Sumaya," Donatien alianza, kisha akakumbuka kwamba Sumaya hana mtoto, akakohoa. "Sumaya, dada. Tunakupa pole. Sema mbele ya bantu: huyu Mama Lionel alikuwa anakupatia chakula?"

"Alikuwa analeta uji. Ya bote."

"Na kitu kingine? Bamoja banasema balimuona anakupa kitu, kimefungwa ndani ya kitambaa."

Mkono wa Mama Mahamudi ulikuwa begani mwake, mzito kidogo. Sumaya alimtazama Anne. Shingoni mwa Anne, mahali uji ulipounguza, ngozi ilikuwa imetoka, pamebaki pekundu. Neno lilikuwa pale pale, kwenye ulimi. Lilikuwa neno fupi. Nyuma yake Sumaya aliona yale masanduku mawili ya binamu.

"Sikumbuke," alisema.

Watu wakavuta pumzi. Donatien akamgeukia Anne. "Mama Lionel, weye uko na neno?"

Alikuwa nalo. Angeweza kusema benchi, korido, muuguzi, daktari. Alikuwa amevunja kiapo mara moja ili kuokoa roho ya mtu. Kukivunja tena ili kuokoa nyumba yake aliona ni jambo jingine. Pengine alikosea. Wema wa namna hiyo watu huusifu makaburini.

"Sina," alisema.

Basi Donatien akahukumu, kwa sauti ya upole, kwamba kwa ajili ya amani ni vizuri Mama Lionel aende kwanza kwao Bwegera, mpaka mioyo ipoe. Kila mtu alijua mioyo haipoi.

*

Aliondoka asubuhi, siku moja kabla ya Idi. Mtaa ulikuwa unanuka vitunguu na mandazi. Dereva wa pikipiki alikuwa amekwisha kufunga gunia la vyombo na godoro lililokunjwa nyuma ya kiti. Anne akamwambia asubiri kidogo, akaenda mpaka langoni mwa Mama Mahamudi. Hakuingia. Wanawake waliokuwa wanakaanga uani wakanyanyuka.

"Sumaya," aliita. "Nilipita kwa muuguzi. Amekubadilishia. Hii ya tumbo unakunywa asubuhi, kila siku, usikose, juu kidonda hakijapona. Hii ingine utaanza yeye akikuambia. Diklo usiguse tena. Na benchi lile, dada, utaenda weye mwenyewe sasa. Haliumi."

Akaweka mfuko mdogo wa karatasi juu ya jiwe la lango, akarudi, akapanda pikipiki. Dereva akawasha moto.

Wanawake wote walikuwa wanamtazama Mama Mahamudi. Alikuwa anajua kilichomo ndani ya mfuko ule; alikuwa amemsikia daktari kwa masikio yake mawili. Alisimama hivyo kwa muda, mwiko mkononi, mafuta yakidondoka mchangani. Halafu akauchukua mfuko kwa ncha za vidole, kama mtu anavyoshika panya, akaenda nao chooni. Walisikia kifuniko cha shimo kikifunguliwa na kufungwa.

"Anataka kumaliza kazi yake," alisema aliporudi. "Hana haya."

"Mama!" Sumaya alikuwa ametoka ndani. Alikuwa ameshika nguzo. "Mama, ile ni dawa yangu!"

Wote wakageuka.

"Ni dawa yangu! Hakunipa sumu. Miye niko mugonjwa wa huzuni, tangu Kalundu. Mama Lionel alikuwa ananichukulia dawa ku kituo juu niliona haya. Ni dawa yangu na diklo, dokta alisema, zote pamoja. Mwiteni! Mwiteni arudi!"

Pikipiki ilikuwa imekwisha kukata kona kuelekea barabara ya Bwegera. Wanawake walimtazama Sumaya, nywele wazi, machozi na kamasi, sauti ambayo hawakuwahi kuisikia kwake. Mmoja wao akaweka mkono kifuani.

"Maskini," alisema. "Imepanda ku kichwa."

"Karuho inafanyaka hivyo," alisema mwingine. "Inatokaka mu tumbo, inaingia ku akili."

"Na anamutetea! Aliyemuroga anamutetea. Muone tu."

Sumaya alimtafuta mume wake kwa macho. Mahamudi alikuwa amesimama kwenye mlango na kanzu mpya ya Idi.

"Mahamudi, weye ulisikia dokta. Baambie. Sema!"

Mahamudi aliitazama kanzu yake, akakung'uta kitu begani ambacho hakikuwepo.

"Mumurudishe kwa Baba Délice," jirani wa kwanza alimshauri Mama Mahamudi. "Karuho ingine ilibakia ndani. Kabla ya Idi, iko vizuri."

Mama Mahamudi aliweka mwiko chini. Alimwendea mkwe wake, akamfunika nywele kwa mtandio, akamfuta uso kwa kiganja kile kile kilichokuwa kikimpa vidonge vya mgongo kila magharibi. Machozi yalikuwa yanamtoka yeye pia, na hayakuwa ya uongo.

"Ndiyo," alisema. "Tutamurudisha."

"Mama, miye niko na akili yangu."

"Ndiyo, binti yangu," alisema Mama Mahamudi.

"Niko na akili yangu! Munanisikia?"

"Ndiyo," wanawake wote wakaitikia kwa upole, huku wakimshika mikono huku na huku. "Ndiyo, ndiyo, dada. Twende."